Njia ya Ng'ombe Katikati ya Mihogo Yetu

Mapendo mwanangu,

Mama Riziki amenieleza maneno uliyomwambia mchana mlipokuwa mnatwanga sombe, majani yetu ya mihogo: kwamba kesho hupandi boti, kwamba Lubumbashi na chuo chake vibaki kule vilipo, na weye ubaki hapa Uvira ulime. Amesema uliyasema kwa sauti ya chini, bila chozi, na hapo ndipo alipoogopa. Mtu akilia, mke wangu anajua dawa yake. Mtu akitulia hivyo, anakuja kuniita mimi.

Sasa umekwenda Kavimvira kwa shangazi zako, kuwaaga au kuwaambia kwamba huwaagi tena, sijui. Jua linataka kuingia nyuma ya milima. Nimeketi mlangoni na karatasi hizi za dada yako Riziki, na ukirudi mama yako mdogo atakupa barua pamoja na chakula. Kula kwanza. Barua haipoi.

Utauliza kwa nini nisikungoje tukaongea. Unanijua. Nikianza kuongea nafika kwenye kiboko, na nikifika kwenye kiboko watu wanacheka, na wakicheka nasahau nilichotaka kusema. Kwenye karatasi mkono unachoka upesi, kwa hiyo kiboko atakuwa mmoja tu. Tena naandika Kiswahili cha barua, kile padri anachosomea matangazo, si kile cha bandarini, ili mtu asije akasema kapita, msimamizi wa wabebaji wa bandari ya Kalundu, hajui kushika kalamu ya bic. Shule ya msingi niliimaliza karibu yote. Ningeendelea, ila mwalimu aliona nitamchukulia kiti.

Mambo ya kuoga, kusali, kufunga mlango na kutokopesha wenzako nguo, shangazi zako wamekwisha kukujaza masikio. Minye nataka kuongea juu ya shamba la Nyakabere, kwa sababu shamba ndilo linalokuzuia kusafiri, na hadithi ya shamba hilo unaibeba kichwani upande usio wake.

Kwanza ukumbuke ni nani aliyeitaka ile ramani. Ni mimi.

Babu yako alituachia lile shamba sisi wawili, marehemu baba yako na mimi. Upande wa baba yako ni wako, nami naulima hadi utakapoutaka. Ng'ambo ya upande wako iko shamba la Barnabé, na katikati hapakuwa na ua wala jiwe, ila mihogo yake na mihogo yetu ikitazamana kama watu waliogombana kanisani. Kila msimu wa kulima nilikuwa nasogea tuta moja kwake. Sifichi, kila mtu wa Nyakabere aliona. Barnabé naye alikuwa anasogea tuta moja kwangu. Tofauti ni kwamba matuta yangu yalikuwa yamenyooka. Yale yake ungefikiri yamelimwa na mtu anayefukuza kuku.

Ulisikia mwenyewe tulivyokuwa tunasalimiana.

"Kashindi, weye unalima kwangu."

"Minye nalima kwa baba yangu. Ni weye unalala vibaya, Barnabé. Usiku unajigeuza, asubuhi shamba lako limevuka."

"Baba yako alikuwa mvuvi, sha. Shamba alilijulia wapi?"

Hapo ndipo aliponichoma, kwa sababu babu yako kweli alivua ndagala maisha yake yote. Nikalazimika kumtafutia babu yako kazi nyingine. Nikasema, mbele ya watu waliokuwa wanakunywa pombe ya kasiksi pale kwa shefu wa kijiji, kwamba babu yako ndiye aliyewashikia Wabelgiji mnyororo wa kupimia bonde lote la Ruzizi. Nikaona watu wamenyamaza, nikaongeza. Nikasema mpimaji alisimamisha chombo chake cha miguu mitatu juu ya kilima kidogo kando ya mto, akaandika urefu wake, akachora, akapiga mhuri, na jioni kilima kikaamka kikaenda kunywa maji. Kilikuwa kiboko. Nikasema hadi leo kilima hicho kiko kwenye ramani, na babu yako ndiye aliyemwonyesha mpimaji mpaka wetu na Barnabé, na mpaka huo umechorwa kwa wino mweusi.

Ile hadithi niliisema mara nyingi hata nikaanza kuikumbuka. Nilikuwa naiona sura ya babu yako akishika mnyororo. Nilimwona amevaa kofia.

Basi ulipokuja kusema masomo yako ya kumaliza chuo yatakuwa juu ya bonde, jinsi ardhi ilivyotumiwa tangu zamani, wapi pamba, wapi malisho, wapi mpunga, na kwamba utatafuta ramani za zamani, nilikimbia kwa shefu kabla hujamaliza sentensi. Nikamwambia, "Mwanangu iko nasoma jeografia. Yeye ndiye atafunga maneno haya." Barnabé akasema, "Alete." Nikasema, "Ataleta." Sasa niambie, kati yetu ni nani aliyeitafuta hii balaa? Weye ulikuwa unatafuta diploma.

Nilikusindikiza siku zile zote, unakumbuka. Kwenye biro, ile ofisi ulikopata ramani, kabatini pamoja na mijusi, ni mimi niliyeshika ramani isijikunje wakati weye unapiga picha kwa simu, na karani akaniuliza kama mimi ndiye profesa. Sikukataa. Halafu ukazichora upya kwenye zile karatasi nyepesi zinazoonyesha cha chini, ukalaza ya zamani juu ya ya leo, ukatembea na simu mkononi kutoka mfereji hadi mfereji. Mimi nilikuwa kiongozi wako. Kila nilichoongoza, ramani ikakataa. Niliposema hapa palikuwa msitu ambamo babu yako alilala na mkuki, ramani ikasema pamba. Niliposema hapa palikuwa soko, pamba. Nikakuambia basi hawa Wabelgiji walikuwa wanakula nini, ukacheka hata ukakaa chini.

Hata kilima cha kiboko ulikitafuta, kwa adabu yote, kidole kando ya mto, ukaniambia, "Baba Mdogo, hakuna kilima." Nikakujibu kwamba huo ndio ushahidi wenyewe, kiliondoka.

Na ile mbio yangu ya ujana, kwamba nilikuwa naacha bugali mezani Kalundu, nakimbia hadi mpakani Kavimvira, narudi bado una moshi? Ulichukua uzi, ukaulaza juu ya barabara kwenye ramani, ukaunyoosha kwenye mstari wa vipimo, ukanitazama. Ukauliza tu, "Bugali ulikuwa mkubwa?" Nikasema ulikuwa mkubwa sana, ulifunikwa. Nakushukuru kwa kuniachia huo mfuniko.

Nilichokipenda zaidi ni lile swali lako. Ulikuwa unakaa na wazee, unauliza shamba hili ni la nini. Mihogo. "Na kabla ya hapo?" Mahindi. "Na kabla ya hapo?" Pamba ya lazima, kapita anapita na fimbo. "Na kabla ya hapo?" Mtu anafika mahali anakuna kichwa, anaanza kumtaja bibi yake. Mama Barnabé, mke wa jirani, akakupa jina. Alisema, "Huyu Nakabla akikukuta unakula, atakuuliza jana ulikula nini." Lakini wiki ile wazee walikuwa wanagombana nani akae nawe kwanza, kwa sababu pale kwetu vijana wanauliza shamba ni la nani, hakuna anayeuliza lilikuwa la nini.

Tena uliniambia kitu njiani ambacho sijakisahau. Ulisema ramani nayo isiaminiwe kama Injili, aliyeichora alichora alichokitaka. Nyumba ya bibi yako haipo, mashamba ya wanawake ya maharage hayapo, pamba peke yake imepakwa rangi. Ulisema ramani nayo ina majivuno yake. Kuanzia hapo nikaipenda kidogo.

Sasa tuje siku ya baraza la shefu kule shambani, kwa sababu hapo ndipo ulipojitwika mzigo usio wako.

Asubuhi ile, tuko kwenye pikipiki, weye nyuma umekumbatia lile bomba la ramani, ulinipiga begani. "Baba Mdogo, simama kidogo, iko kitu nataka nikuonyeshe kabla ya wengine." Nikakwambia ushindi haufunguliwi barabarani. Ukarudia kule kwenye daraja. "Baba Mdogo, tafazali, ni juu ya mpaka." Nikakuambia uhifadhi sauti yako. Ukarudia tena tulipofika, umenishika mkono wa shati, nami nikakutoa mkono kwa sababu watu walikuwa wananitazama na nilikuwa nimevaa kofia mpya. Kama mtu alitaka kuficha kitu au kumwaibisha baba yake, hafanyi hivyo. Uliniletea ile aibu mlangoni nikiwa peke yangu, nikakataa kuipokea, nikataka nipewe hadharani.

Unajua desturi ya pale. Mtu akitaka kuapa juu ya mpaka, anachimbua donge la udongo wa shamba hilohilo, analiweka kichwani, anatembea juu ya mstari anaoudai hadi mwisho. Akisema uongo, ardhi itammeza. Na donge halishuki hadi shefu aseme lishuke. Watu wengine wanachukua donge la ukubwa wa ngumi. Barnabé alichukua la ngumi, akatembea mstari wake, akalitua. Mimi, kwa kuwa nilikuwa na ramani nyuma yangu, nikaona ngumi ni dharau. Nikang'oa shina zima la mhogo na udongo wake wote, nikajitwika. Mhogo mmoja ulikuwa unaninong'oneza sikioni, majani yamefunika jicho. Nikatembea. Kofia mpya ilikuwa chini ya donge.

Nilipofika mwisho nikageuka kwa shefu, nikasema kwa sauti ya wabebaji, "Sasa ramani iongee."

Shefu akakuuliza, "Nakabla, ramani inasema nini?"

Ulinitazama. Nilikuona na jicho moja. Nikatikisa kichwa kukuruhusu, udongo ukaniingia puani. Mbele ya wale watu wote ungeweza kusema ramani imefutika mahali hapo. Ungeweza kusema mstari wa Kashindi ndio. Nani angejua? Shefu anaishika karatasi kichwa chini. Lakini uliikunjua, ukaweka mawe pembeni, ukaweka kidole, ukasema polepole kwamba shamba la Kashindi linaishia hapa, na shamba la Barnabé linaanzia hapa, na katikati yao iko mistari miwili yenye nukta, na maandishi yanasema njia ya mifugo, kutoka milimani hadi mto. Si ya Kashindi. Si ya Barnabé. Ni ya ng'ombe.

Barnabé akacheka kwanza, akapiga paja. Halafu akaangalia tena kidole chako kiko wapi, na mihogo yake iko wapi, akaondoa mkono pajani.

Ndipo Mzee Zakaria, mwenye ng'ombe, ambaye siku ile alikuja kwa ajili ya kasiksi tu, akasimama nyuma na kikombe chake. Unamjua, ni mtu asiyeinua sauti.

"Kwa hiyo," alisema, "wale kuku."

Miaka yote ng'ombe wake walipopita, nilikuwa namtoza kuku kwa sababu wameharibu mihogo yangu. Barnabé naye anamtoza kuku kwa sababu wameharibu ya kwake. Mzee wa watu alikuwa analipa pande zote mbili ili mifugo yake ipite kwenye njia yake.

"Walikuwa kuku wazuri," Barnabé akasema taratibu.

"Najua," Mzee Zakaria akasema. "Niliwalea."

Na shefu, mwanangu, alikuwa amesahau kabisa kuniambia nitue. Watu wanazozana, wanainama juu ya ramani, wanakumbuka bibi zao walivyokuwa wanasema ng'ombe walipita hapo, na mimi nimesimama na shina la mhogo kichwani kama mti wa mpaka. Nilipochoka nikasogea kutafuta kivuli, mguu ukateleza, nikaingia mferejini na udongo wangu. Watu wakapiga kelele kwamba ardhi imemmeza Kashindi. Mama Barnabé akakimbia na jembe kunichimbua. Nilikuwa nimemezwa hadi kiunoni tu. Nikiisimulia hii bandarini nitasema hadi shingoni, nawe ukisikia unyamaze.

Baada ya hapo shangazi zako wakaanza. Kwamba mtoto wa shule ameuza shamba la ukoo kwa ng'ombe. Kwamba masomo yanaharibu watoto. Nami nikanyamaza siku zile zote, hapa nyumbani, mezani, nakula naangalia sahani. Mama Riziki anasema ulidhani nimekasirika, nawe ukaanza kunipitia mbali, ukaanza kuamka kabla ya wote kuchota maji kama mtu anayelipa deni.

Mapendo, sikukasirika. Nilikuwa natafuta namna ya kuisimulia hadithi hii ili mwishoni niwe nimeshinda. Ndicho ninachofanya mambo yakiniharibikia, hata kwa depo yangu ya Kalundu nilifanya hivyo. Unakumbuka ile depo, ghala nililojenga ufukweni, nikaapa ziwa halijawahi kufika pale? Ziwa likaja, likachukua mlango, likachukua kitanda, na mimi nikawaambia watu kwamba mimi ndiye mtu wa kwanza Kalundu kuvua mukeke akiwa amelala. Watu wakacheka, depo ikawa hadithi, nikapona. Baadaye ramani yako ikaonyesha pale palikuwa na matete na maji tangu zamani, nawe hukuninyanyasa. Ila hii ya shamba, niliigeuza huku na huku, sikupata mahali pa kuingia kama shujaa. Kila nikiisimulia kichwani, shujaa ni weye, na mimi ndiye yule mwenye mhogo sikioni. Mtu wa umri wangu inamchukua siku kadhaa kuzoea.

Na iko jambo moja ambalo shangazi zako hawalisemi, kwa sababu hawakwenda kuona. Ile njia haikukata katikati sawasawa. Imekula zaidi upande wa baba yako. Upande wako. Ulipoweka kile kidole pale, ulikuwa unang'oa mihogo yako mwenyewe, na ulijua, kwa sababu weye ndiye uliyechora. Nilikuja kulielewa hilo juzi tu, nikiwa bandarini nahesabisha magunia. Nikayaacha magunia. Wabebaji wakadhani nimeugua.

Leo asubuhi, ulipokuwa umekwenda kuchota maji, nilikwenda Nyakabere na Mama Riziki. Barnabé alikuwa amefika, na jembe, na uso wa mtu aliyefukuzwa nyumbani na mke wake ili aje. Tukaanza kung'oa, yeye upande wake, mimi wangu.

"Unang'oa kombo, Kashindi," akasema.

"Minye nafuata ramani. Weye unafuata tumbo."

"Ramani ya mtoto wako imenitoa mihogo, na bado nitamsifu," akasema. "Emwe, ungekuwa ni weye umeisoma, leo ningekuwa nalala mferejini na familia yangu."

Andika popote unapoandika mambo yako, kwamba Barnabé wa Nyakabere alinikuta sina jibu.

Tulipomaliza, Mzee Zakaria akateremsha ng'ombe. Nilidhani watasita, kwa kuwa walikuwa wamezoea kufukuzwa pale kwa fimbo na mawe, hasa yangu. Yule wa mbele alinusa ardhi mahali mihogo ilipokuwa, akanitazama, nakuapia alinijua, halafu akapita. Wengine wakamfuata hadi mtoni bila mtu kupiga kelele. Mmoja alinikanyaga mguu. Nadhani alikuwa na sababu zake. Mzee Zakaria akapita wa mwisho, akainua kofia, akasema, "Kashindi, kuku nitakuja kuwachagua mwenyewe." Basi usishangae ukiona banda letu limepungua.

Kisha nikachukua fimbo nne nikaenda kukata upya mpaka kati ya upande wangu na wako. Kilichochukuliwa na njia kwako, nimekirudisha kutoka kwangu. Nilipochomeka fimbo ya kwanza Mama Riziki alikuwa amekaa kwenye kivuli cha jembe lake.

"Songeza," akasema.

Nikasongeza.

"Kashindi, hapo ni mawe. Songeza."

"Mama, ng'ambo ya hapo ni udongo wangu mzuri."

"Ndiyo maana nasema songeza."

Nimesongeza hadi mferejini. Sasa upande wako unakunywa maji kabla ya wangu, na minyaa, ile miti ya maziwa, tumekwisha kuipanda kwenye mpaka, Barnabé ndiye shahidi, na anafurahi sana kuwa shahidi. Kwa hiyo hakuna shamba la kubakia kulilipa. Liko zima, ni kubwa kuliko lilivyokuwa, na mimi ndiye nitakayelilima, kwa sababu weye unalima kombo kama baba yako, Mungu amrehemu.

Neno langu la mwisho ni hili, kisha mkono umechoka. Kule Lubumbashi, kwenye kile chumba cha ramani unachokisema, watakuja watu. Wengine watakuwa na vyeo, wengine na magari. Watakuwa na hadithi nzuri kuliko zangu, na watakuomba usome mstari pale wanapoutaka. Baadhi yao utawapenda, hilo ndilo gumu. Mimi ulinipenda, nilikuwa nimesimama mbele yako nusu kipofu, naona aibu imeshaanza kuninukia, na bado uliweka kidole mahali pake. Sijui ulikitoa wapi hicho kidole. Hakikutoka upande wangu wa ukoo. Ningekuwa na kidole kama hicho ningekuwa gavana, au ningekuwa maskini zaidi, sijui, ila ningelala vizuri.

Na hizi ardhi zetu zote, Kiliba, Sange, huku ziwani, watu wanauana kwa mistari ambayo hakuna aliyeiona. Aliyeiuliza ni mmoja, anataka kubaki nyumbani anitwangie sombe. Mama Riziki amesema sombe atatwanga mwenyewe.

Sasa nikueleze jambo, na usikasirike kabla hujamaliza kula. Usitafute sanduku lako chini ya kitanda. Ulipoondoka kwenda Kavimvira nililichukua nikalipeleka Kalundu. Nguo zako zote zimo, na viatu, na lile bomba la ramani nimelifunga juu yake kwa kamba ya nyavu. Liko ndani ya boti tayari, chini kabisa, na juu yake nimepangisha magunia ya mchele ya watu wa Kalemie, huko unakoshukia. Nahodha nimemwambia halitolewi kabla ya Kalemie hata nikija mimi mwenyewe kuomba, na yeye ni mtu ambaye hajawahi kuniamini, kwa hiyo hatanisikiliza.

Mimi sikulazimishi, mwanangu. Ukitaka kubaki, baki. Ila utabaki na kile kikwembe ulichovaa, na Jumapili iko karibu, na unawajua wanawake wa kanisa letu.

Boti inaondoka asubuhi. Nitakuwa gatini mapema, nimevaa ile kofia. Mama Riziki ameifua mara mbili na bado ina udongo.

Mimi baba yako mdogo,
Kashindi